Sinia la Krismasi na pafu pestri ya dukani

Siku ya Krismasi nyumbani kwangu ina saa tatu ngumu. Huanza saa saba mchana, watu wakiwa wametoka kanisani, gomesi, yale magauni ya sikukuu ya akina mama, bado zina mkunjo wa pasi na watoto wanavua viatu vipya vilivyowabana tangu asubuhi. Huisha saa kumi, luwombo, yaani kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, inapoteremshwa motoni, jani likafunguliwa na harufu ikajaa sebule nzima. Katikati hapo chakula hakuna. Kuna soda, kuna redio, kuna mjomba anayeuliza kila mtoto yuko darasa la ngapi. Na njaa ipo, kwa sababu hakuna anayekunywa chai nzito asubuhi ya Krismasi huku anajua kuku ameshachinjwa.

Nimeandaa Krismasi hapa Ntinda, mtaa wa Kampala nchini Uganda, kwa miaka 11 sasa, na nimeona kwa macho yangu kwamba sikukuu huponea au huharibikia katika saa hizo tatu. Mgeni aliyekaa na njaa muda wote huo, ukimletea kuku atamla ashibe tu, hataonja. Watoto huanza kulia na kugombana. Wazee wenye kisukari, na siku hizi kila ukoo unao, hawafai kabisa kungojeshwa hivyo. Kwa hiyo kila mwaka, kabla sijafikiria nyama wala matoke, nafikiria kitu kidogo cha moto cha kumpa mtu mkononi mara tu anapokaa. Miaka sita iliyopita kitu hicho kilianza kutoka kwenye boksi la friza la dukani, nami sijarudi nyuma. Ni pafu pestri, unga wa siagi wenye tabaka nyingi.

Najua wapo watakaosema hicho ni chakula cha kizungu. Niwaeleze kwanza nilikotoka.

Nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa konstebo, mtu wa Tororo; mama kwao ni Busia. Mlango wa kulia alikaa Mgisu wa Mbale na familia yake, wa kushoto Waacholi, wakifuatiwa na mama mmoja wa Kinubi ambaye watoto wote wa safu ile tulimwita Mama Mkubwa, halafu Wanyankole, halafu familia ya Fort Portal, na mwisho kabisa watu wa West Nile. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake ndani. Mlango ukifunguliwa tu, ni Kiswahili. Kabla Katiba haijakitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, sisi tulikuwa tumeshakitumia miaka na miaka kugombania zamu ya bomba, kuimbiana, kukosana na kupatana.

Saa zile tatu za Krismasi, kambini zilikuwa saa za sinia. Mama alikuwa na sinia la bati lenye maua mekundu. Alilipanga sambusa na chapati zilizokatwa robo robo, akafunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akanikabidhi mimi: “Anza nyumba ya mwisho, urudi nayo huku.” Nikapita mlango kwa mlango. Kila mama alichukua vichache, akafuta nafasi iliyobaki kwa kiganja, akaweka vyake. Sahani ya mtu hairudi tupu. Nilipofika kwetu sinia lilikuwa zito kuliko nilipotoka, na juu yake hapakuwa na sambusa hata moja ya mama. Palikuwa na vipande vya samaki mkavu wa Pakwach, gurusa za Mama Mkubwa, mikate myembamba ya Kinubi, zilizokunjwa, kibakuli cha odii, firinda iliyofungwa kwenye jani, na pengine malewa kidogo kwenye kikombe. Hiyo ndiyo Krismasi niliyoijua kabla ya kuku. Hata leo nikinusa simsim iliyokaangwa, najiona nimesimama kwenye varanda ile, mikono imechoka, nikiogopa kumwaga.

Lakini kuna jambo sikulijua nikiwa mtoto, nililijua nilipokuwa mwenye nyumba. Sina kumbukumbu hata moja ya mama akiwa amekaa siku ya Krismasi. Sambusa zile zilianza tarehe 23. Alisukuma unga, akapaka mafuta, akabandika mbili pamoja, akazipitisha kwenye kikaango hadi ziwe nusu mbichi, akazibandua, akakata manda. Mamia ya manda. Usiku wa tarehe 24 alikuwa anakunja na kujaza hadi taa ya mwisho kambini ni yetu. Tarehe 25 alikaanga. Picha moja tuliyopigwa mwaka ambao baba alipata kamera ya kuazima inaonyesha sisi wote tumekaa mkekani, na pembeni mkono wa mama peke yake, umeshika mwiko. Sehemu nyingine yake haikuingia.

Pafu pestri niliijua kwanza kama ganda la keki za nyama zinazouzwa kwenye maduka ya mikate na keki mjini. Nilikuwa nafanya kazi karibu na Barabara ya Kampala, na keki ile ya mchana ilinishangaza: ganda jembamba, ukiliuma linavunjika kama majani makavu, na ndani linachambuka karatasi kwa karatasi. Niliyemuuliza aliniambia unga wake unaweza kuununua ukiwa tayari, umegandishwa. Nilinunua boksi moja. Jioni hiyo hiyo nilimpigia mama simu.

Alipokuja kunitembelea nilimwokea vichache vyenye nyama ya kusaga. Hakula mara moja. Alikigeuza, akakipasua kati kwa vidole, akahesabu tabaka kwa ukucha kama anavyokagua chapati za binti wa watu. Kisha akasema, “Hii ni chapati ya kuchambua. Aliyeitengeneza alikuwa na subira kunishinda.”

Alikuwa amepatia kabisa. Yeyote aliyewahi kutengeneza chapati za kuchambuka anajua siri: unasukuma, unapaka mafuta, unaviringisha kama kamba, unazungusha kama konokono, unaacha ipumzike, unasukuma tena. Mafuta yanazuia unga usishikane na unga mwenzake. Pafu pestri ni wazo hilo hilo lililopelekwa mbali sana. Badala ya kupaka, wanalaza bamba zima la siagi baridi ndani ya unga, wanakunja mara tatu kama barua, wanasukuma, wanarudisha kwenye baridi, wanakunja tena. Ukikunja kwa tatu mara sita, piga hesabu: 3, 9, 27, 81, 243, 729. Tabaka 729 za siagi ndani ya kitu chenye unene wa milimita tatu. Wafaransa, ambao ndio mabingwa wake, wana keki ya aina hii wanayoiita mille-feuille, yaani majani elfu. Nilipenda sana nilipolijua jina hilo, sisi ambao chakula chetu cha heshima nacho hufungwa kwenye jani.

Hakuna hamira ndani yake wala baking pauda. Kinachoinua ni maji tu. Joto kali la oveni linageuza maji yaliyomo kwenye unga na kwenye siagi kuwa mvuke, na maji yakiwa mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Mvuke unatafuta pa kutokea, unakuta tabaka za mafuta, unasukuma kila jani juu ya jenzake. Wakati huo huo unga unaiva na kukauka ukiwa umeshasimama. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini kila kanuni ya pafu pestri ni kanuni ya baridi. Siagi huyeyuka ikifika kama nyuzijoto 32 hadi 35. Jikoni mwangu mwezi wa Desemba, luwombo imeanza kuchemka na sigiri mbili zinawaka, tunakaribia hapo bila oveni.

Mwaka wa kwanza nililipia somo hili. Nilitoa maboksi mawili asubuhi nikayaweka mezani, nikaenda kanisani. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, friji haikuwa na baridi ya kunisaidia, na niliporudi unga ulikuwa laini kama kitambaa kilicholoa. Niliukata hivyo hivyo. Oveni ya gesi ilipowaka, siagi ilitoka pembeni ikajaa trei, na vitafunwa vikakaangika ndani ya mafuta yao wenyewe, bapa, vigumu, kama biskuti ya jeshi. Wageni 14 walikuwa sebuleni. Nilikata mananasi nikawapa, na usiku sikulala vizuri.

Sasa nafanya hivi. Boksi linatoka kwenye friza usiku, linalala kwenye friji kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, linaamka likiwa la kukunjika bila kuvunjika lakini baridi ukiligusa. Nikikata, nakata haraka, kwa kisu kikali, nikikisukuma chini moja kwa moja. Kisu butu kinachoburutwa kinabana kingo za tabaka, na upande uliobanwa haupandi. Yai la kupaka juu lisiteremke pembeni, kwa sababu hiyo hiyo: yai linagundisha. Unga ukianza kulegea mkononi, kila kitu kinarudi kwenye friji dakika 15, hata kama mtu anabisha hodi. Na oveni iwe imeshapata joto lake kamili, nyuzi 200, kabla trei haijaingia. Usiifungue kuchungulia kwa dakika kumi za kwanza. Kama oveni yako ya gesi haina kipimo, kama yangu ya zamani, washa dakika 20 kabla, halafu oka kimoja cha majaribio peke yake. Kikipanda, vipeleke vyote.

Umeme nao nimeupangia. Nikishakata na kujaza, vinapangwa kwenye trei vikiwa vibichi, vinaganda kwenye friza kwa muda wa saa moja au mbili, kisha navimimina kwenye mifuko na kuvirudisha. Vikiganda pamoja vimejaa, friza inashika baridi kwa muda mrefu hata umeme ukienda, mradi usiifungue fungue. Siku yenyewe vinatoka friza vinaingia oveni moja kwa moja, bila kuyeyushwa, kwa dakika nne au tano zaidi. Hapo ndipo uhuru ulipo. Kazi ya mikono inaisha tarehe 22 au 23, jioni moja, nikiwa nimekaa kwenye stuli. Tarehe 25 ni kuwasha oveni na kutoa trei.

Kununua nako kuna akili yake. Desemba ikifika katikati, mafriza ya maduka makubwa ya Kampala yanaanza kuwa na mapengo, kwa hiyo mimi nanunua wiki ya kwanza ya mwezi. Boksi lililopinda, au lenye chembe za barafu zimegandamana nje, huenda liliyeyuka njiani likagandishwa upya; naliacha. Nachukua pafu pestri mwisho, baada ya vitu vyote, naifunga kwa magazeti pamoja na mfuko wa njegere za barafu, napanda boda hadi nyumbani bila kupita popote. Na nasoma maandishi ya nyuma. Nyingine zina siagi halisi, nyingi zina majarini, ambayo inavumilia joto zaidi na ni rahisi kwa anayeanza, ingawa ladha ya siagi haina mpinzani. Za kutoka nje wakati mwingine zina mafuta ya nguruwe. Kwa sisi tuliolelewa na Mama Mkubwa, na wenye majirani Waislamu ukuta kwa ukuta, hilo ni la kuangalia kabla ya bei. Sausage nazo nachagua za ng'ombe. Sinia langu lazima lipite kila mlango.

Sasa niingie kwenye ujazo, ambao ndio moyo wa jambo zima.

Vitabu na video nyingi zitakwambia jibini, uyoga, spinachi. Ni vizuri, na nitasema neno juu yake. Lakini mimi nilipoanza kujaza nilijikuta narudi kwenye varanda ile. Nikaanza kujiuliza kila mlango ulikuwa unaweka nini.

Malewa ndiyo ilinichukua muda mrefu zaidi. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi, na mtu asiyeyajua akiyaona sokoni atadhani ni kamba za kufungia kuni. Nayaloweka usiku kucha, nayachemsha hadi yalainike, nayakatakata, halafu napika na binyebwa, yaani karanga, iliyosagwa. Kwenye sahani, pamoja na matoke, mchuzi wa malewa unatakiwa utiririke. Ndani ya pafu pestri utatiririka mara moja hadi chini ya trei. Mara mbili nilivipoteza kwa sababu hiyo. Dawa ni kuendelea kupika, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha maana karanga huungua upesi, hadi mwiko ukipita kwenye sufuria njia yake inabaki wazi. Kisha upoze kabisa, ikiwezekana ulale kwenye friji. Ujazo wa moto unayeyusha siagi kabla oveni haijaanza kazi. Ukishafika hapo, kata miraba ya sentimita sita, weka kijiko kimoja cha chai, kunja pembe tatu, bana kingo kwa uma. Moshi wa malewa na siagi, pamoja, ni kitu ambacho sijakipata kwenye chakula kingine. Jirani yetu wa Mbale, ambaye sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 70, alipovila kwangu aliomba vitatu vya kwenda navyo.

Cha Waacholi kilikuwa rahisi, kana kwamba kiliumbwa kwa ajili hii. Majani ya kunde, wanayoyaita boo, yakichemshwa na magadi kidogo, yakakamuliwa maji yote, yakachanganywa na odii, ile siagi nzito ya karanga na simsim, yanakuwa ujazo usiotoa hata tone. Nalalisha bamba zima la unga, napaka mchanganyiko huo hadi kingo, naviringisha kama mkeka, narudisha kwenye baridi dakika 20 ndipo nikate vipande vya sentimita moja. Vikiiva vinaonyesha mzunguko wa kijani na kahawia. Juu nanyunyizia simsim mbichi, itakayokaangika yenyewe. Kumbuka tu kumuuliza mgeni kama karanga zinamdhuru.

Firinda, maharage ya Tooro yaliyomenywa maganda na kupondwa na samli, nayo inafaa bila kuongezewa kitu, isipokuwa kitunguu kibichi kidogo. Samaki mkavu ninamlowesha, namchambua miba kwa uangalifu mkubwa kwa ajili ya watoto, namkaanga na nyanya hadi ikauke.

Nsenene nilizifikiria mwaka mzima kabla sijathubutu. Novemba kwa Waganda ni Museenene, mwezi wenye jina la panzi hao, na barabara za kuelekea Masaka usiku huwaka taa za kuwavutia. Wakati wa Krismasi msimu wao unaelekea ukingoni, kwa hiyo nawanunua Novemba wameshachambuliwa mbawa na miguu, nawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu na chumvi, nawahifadhi kwenye friza. Kuwafungia ndani ya unga sikuona haki. Kinachopendwa kwao ni ule mlio mdomoni. Nikatengeneza vikombe. Unakata duara, unazibandika kwenye trei ya keki ndogo, unatoboa chini kwa uma, unaoka vikiwa vitupu hadi vikauke. Ndani unaweka kijiko cha parachichi lililopondwa na ndimu, na juu nsenene watatu wanne wakati wa kupeleka mezani. Vinaliwa pale pale. Ukivichelewesha, parachichi linalainisha ganda na nsenene wananyamaza.

Ila hapa kuna adabu. Watu wa ukoo wa Nsenene hawali nsenene. Ndio mwiko wao. Wa ukoo wa Butiko hawali uyoga. Mkwe wangu mmoja ni wa Butiko, na mwaka niliotengeneza vya uyoga alishika kimoja mkononi akiwa hajui ni nini, nikamwahi. Tangu hapo kila aina inakaa kwenye sinia lake, na anayepitisha, hata kama ni mtoto wa miaka tisa, anataja kilichomo kabla mtu hajanyoosha mkono. Nimewafundisha hivyo, na wanajivunia kazi hiyo.

Kwa asiyetaka shughuli yote hii, kuna fimbo. Kata bamba vipande virefu vya upana wa kidole, paka yai, nyunyiza jibini ya kukwaruza, pilipili manga na simsim, sokota kila kimoja kama unasuka nywele, oka dakika 12 hadi 15. Jibini ya gouda inayotengenezwa hapa hapa Uganda inafaa sana. Na kama unaye mtu wa Ankole wa kukupa eshabwe, ile samli nyeupe iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mwamba hadi ikawa laini kama wingu, iweke kwenye bakuli katikati wachovye. Inaliwa baridi, fimbo zikiwa za moto. Sijui kwa nini sikuifikiria mapema.

Vitamu navipita haraka kwa sababu kwangu havimalizwi. Krismasi ina keki ya kutosha. Gonja, zile ndizi kubwa, mbivu iliyokatwa vipande, ikazungushiwa mshipi wa unga na mdalasini juu, ni ya watoto, na inatosha.

Naulizwa mara nyingi: na asiye na oveni? Nimejaribu kwa sigiri, kwa njia ile ile mama zetu walivyooka keki, sufuria kubwa yenye mchanga chini, sahani ya bati juu yake, mfuniko umebeba makaa. Inawezekana, lakini pafu pestri inataka joto la juu kuliko keki. Weka makaa mengi kwenye mfuniko kuliko chini, acha sufuria ipate moto dakika 20 ikiwa tupu, na oka vichache vichache, visivyo na ujazo mzito. Pembe tatu ndogo hupanda. Vikombe vilinishinda. Kukaanga kwenye mafuta sikushauri. Tabaka hunywa mafuta yote, na kama ni kukaanga, sambusa ya manda ni bora mara kumi.

Na sambusa sijaziacha. Dada yangu wa Tororo bado anasukuma manda kwa mkono na ananiletea. Sijasema, na sitasema, kwamba boksi la dukani linashinda mkono wa mama. Ninachojua ni kwamba mkono ule ulichoka, na mimi niliuona umechoka.

Krismasi iliyopita mama alifika tarehe 24 jioni na basi la Tororo, akiwa na mfuko wa karanga mbichi na kuku wawili hai. Asubuhi alifunga leso kiunoni akaja jikoni kuuliza aanzie wapi. Nikamfungulia friza nikamwonyesha mifuko: pembe tatu za malewa, mizunguko ya kunde, fimbo, za nyama. Zote zimeshahesabiwa, zote zinangoja moto. Alisimama pale muda, baridi ikimtokea usoni, kisha akafungua ile leso.

Saa nane kasoro alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono, viatu amevua, sahani mapajani, kitukuu wake ameegemea goti lake. Nilituma sinia kwa majirani, mwanangu wa pili akitangulia kupiga hodi. Lilirudi na kashata, ndizi za kukaanga, na bakuli la tende kutoka kwa wale Waislamu wa ukuta wa pili. Mama aliona tende, akaonja moja, akaweka kokwa pembeni ya sahani.

“Umewapelekea zipi?” akauliza.

“Za nyama, mama. Na fimbo.”

“Na zile za kunde hukuwapa?” Akamwita mtoto arudi na sinia, akapanga mwenyewe vipande sita vya kijani kwa vidole vyake, mstari mmoja, bila kuinuka kitini.